Waziri Mkuu wa Ngome ya Baharini

Mada iliyo mezani ni hii: mtu anayeshika wadhifa katika nchi ambayo hakuna serikali duniani inayoitambua, je, anastahili kuitwa kiongozi wa umma? Anayepimwa kwa mada hiyo ni Alexander Achenbach, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyejitambulisha katika miaka ya 1970 kuwa waziri mkuu wa Sealand, na ambaye Agosti 1978 alikodi mamluki waiteke nchi ile ile aliyodai kuitumikia.

Wanaozungumza ni watatu. Mwalimu wa historia, mwanamke kijana, anaunga mkono. Wakili, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi mahakamani, anapinga. Nahodha mstaafu wa meli za mizigo amekaa katikati yao, na yeye atasema bahari itakapotajwa. Watatu hawa wamebuniwa ili wazibebe hoja, ndiyo maana hawana majina. Wanayoyabishania yalitokea kweli.

Mwalimu alianza na ngome yenyewe.

"Kwa ruhusa yenu, wazee wangu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Uingereza ilijenga ngome baharini ili kulinda njia za meli za pwani yake ya mashariki dhidi ya ndege za Wajerumani. Mojawapo iliitwa Roughs Tower: minara miwili minene ya zege iliyobeba jukwaa la chuma, kama kilomita 12 kutoka pwani ya Suffolk. Iliwekwa mahali pake mwaka 1943. Vita vikaisha, na mwaka 1956 askari wa mwisho wakaondoka. Ngome ikabaki na ndege wa baharini."

Aliyeikalia baadaye ni Roy Bates, meja mstaafu wa jeshi la Uingereza. Bates alikuwa akirusha matangazo ya redio bila leseni kutoka ngome nyingine, Knock John, hadi alipotiwa hatiani mwaka 1966 kwa sababu ngome hiyo ilikuwa ndani ya maji ya Uingereza. Hakurudi nyumbani kunyamaza. Alihamia Roughs Tower, iliyokuwa nje ya mpaka wa maili 3 za baharini uliotumika wakati huo, na tarehe 2 Septemba 1967, siku ya kuzaliwa ya mkewe Joan, akatangaza kwamba hapo pamekuwa nchi huru, Sealand, na yeye ni mtawala wake.

"Najua watu hucheka wakifika hapa," Mwalimu aliendelea. "Lakini mwaka uliofuata mahakama ya Uingereza haikucheka. Chombo cha Waingereza kilisogea karibu na ngome, Michael, mwanawe Bates, akafyatua risasi za kuonya. Baba na mwana wakaitwa mahakamani Chelmsford kwa makosa ya silaha. Jaji alisema kisa hicho kinamkumbusha zama za Sir Francis Drake, kisha akaamua kwamba mahakama yake haina mamlaka juu ya jambo lililotendeka nje ya maili 3. Ilikuwa Novemba 1968. Serikali haikupata mtu wa kumfunga."

Mwaka 1975 Sealand ikajipatia katiba; bendera, wimbo wa taifa, sarafu na pasipoti navyo vikawapo. Huo ndio ulikuwa wakati wa Achenbach.

"Sasa niambieni," Mwalimu akasema, "waziri mkuu wa nchi hiyo alikosa nini ambacho waziri mkuu wa nchi yoyote changa anacho?"

"Wananchi, Mwalimu," Wakili alijibu.

Akafungua kesi aliyokuwa ameiandaa. Tarehe 3 Mei 1978, mahakama ya mambo ya utawala mjini Cologne, Ujerumani Magharibi, ilitoa hukumu juu ya ombi la Mjerumani mmoja aliyekuwa na cheo katika serikali ya Sealand. Mtu huyo alitaka itamkwe kwamba si Mjerumani tena kwa kuwa amepata uraia wa Sealand. Mahakama ikajiuliza maswali matatu ambayo sheria ya kimataifa huyauliza siku zote: je, kuna ardhi? Je, kuna watu? Je, kuna mamlaka ya serikali? Ikaona kwamba jukwaa la takriban mita za mraba 1,300 lililojengwa na binadamu juu ya nguzo si sehemu ya uso wa dunia, hivyo si ardhi ya nchi. Ikahesabu watu 106 waliokuwa na huo unaoitwa uraia wa Sealand. Ikaona kwamba hawakuuchukua ili waishi pamoja na kubeba maisha yao kwa pamoja. Kila mmoja aliendelea kuishi kwake, akifuata mambo yake, na kilichowaunganisha kilikuwa kipande kidogo tu cha maisha yao: biashara na kodi.

"Ombi likatupwa," Wakili alisema. "Na mimi nasema jaji alipatia pande zote mbili, ardhi na watu."

Mwalimu hakukubali kuhusu ardhi. Aliitaja Flevoland ya Uholanzi, mkoa ambao karibu wote ulikuwa maji hadi wahandisi walipoyakausha katika karne ya 20, na uliotangazwa rasmi kuwa mkoa mwaka 1986. Watu wanazaliwa huko, wanalima, wanapiga kura. Hakuna anayewaambia kwamba wamesimama juu ya kitu kilichotengenezwa.

Hapo Nahodha akaingia. "Mwanangu, huo ni ufuko uliosogezwa mbele. Umeshikamana na bara, unalindwa kwa kuta. Roughs Tower ni chombo kilichozamishwa mguu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 umesema wazi kuwa kisiwa cha kujengwa si kisiwa kwa maana ya sheria, na hakina maji yake. Sisi wa meli tunakiona kwenye ramani kama hatari ya kukwepa." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza jambo ambalo halikumfurahisha Wakili: "Ila nami sioni kwa nini mtu anyimwe heshima kwa sababu ya anachokanyaga. Kuna watu wanaozaliwa na kufa juu ya mashua."

Kuhusu ardhi, basi, mabishano yanaweza kwenda mbali bila kufika. Mkataba uliotajwa na Nahodha ulikuja baada ya hukumu ya Cologne, na wanasheria wa bahari wanaujua vizuri kuliko gazeti. Uzito wa kisa cha Achenbach uko katika yale mengine mawili, watu na mamlaka, na hakuna mwezi unaoyaonyesha kama Agosti ya mwaka huo huo wa 1978.

Mwezi huo Roy na Joan Bates walikuwa Austria, walikoitwa kwa mazungumzo ya biashara. Nyuma yao Achenbach alituma mamluki, Wajerumani na Waholanzi, wakaivamia ngome na kumteka Michael Bates, aliyekuwa ameachiwa ulinzi. Kwa masimulizi ya familia, Michael alifungiwa, akapelekwa Uholanzi na kuachiwa huko. Halafu yeye, baba yake na wenzao wachache wakarudi kwa helikopta alfajiri, wakaichukua ngome tena kwa silaha. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo wakili wa Achenbach, Gernot Pütz, Mjerumani aliyekuwa pia na pasipoti ya Sealand.

Pasipoti hiyo ndiyo iliyomponza. Mateka wengine waliachiwa. Pütz, kwa kuwa alihesabiwa kuwa raia wa Sealand, alishtakiwa uhaini na kuambiwa kwamba hatatoka bila kulipa Deutsche Mark 75,000. Ujerumani Magharibi iliomba msaada London. London ikajibu kwamba haina mamlaka juu ya ngome ile, ikirejea uamuzi wa mwaka 1968. Baada ya wiki kadhaa, mwanadiplomasia kutoka ubalozi wa Ujerumani jijini London alikwenda mwenyewe hadi Roughs Tower kuzungumza na Bates. Hatimaye Bates alimwachia Pütz, akitangaza kwamba ujio wa mwanadiplomasia huyo ni dalili kuwa Ujerumani imeitambua Sealand. Ujerumani haijawahi kukubali tafsiri hiyo.

"Lakini alikwenda!" Mwalimu alisisitiza. "Mwakilishi wa dola alipanda juu ya jukwaa, akakaa na mtawala wake, wakajadiliana. Mnataka ushahidi gani tena kwamba mamlaka yalikuwapo?"

"Polisi huzungumza na mtekaji nyara kila siku," Wakili alisema. "Hawamfanyi kuwa mkuu wa mkoa."

Jibu hilo ni kali, na kisheria ni sahihi: nchi hutambuliwa kwa nia, haitambuliwi kwa bahati mbaya. Hata hivyo halimalizi hoja ya Mwalimu. Mamlaka kweli yalikuwapo. Kulikuwa na bunduki, mlango wa chuma, na mtu nyuma ya mlango huo ambaye hakuweza kutoka. Wanaovitazama vijitaifa kama mchezo wa watu wazima wanapaswa kumkumbuka Pütz. Kwa wiki kadhaa, kitendo cha kidola kuliko vyote, kumnyima mtu uhuru wake, kilitendeka pale bila dola.

Nahodha aliuliza swali ambalo wenzake wawili walikuwa wamelipita. "Pütz alikuwa na nani wa kumlilia?"

Kimya kilipopita akafafanua. Katika meli, alisema, nahodha ana amri kubwa. Anaweza kumfungia baharia aliyeshika kisu. Lakini meli ina bendera, na bendera ina nchi, na nchi ina mahakama. Siku meli inapotia nanga, baharia yule anaweza kwenda kushtaki, na nahodha akaulizwa kwa nini. "Pale ngomeni aliyeshtaki ndiye aliyehukumu, na ndiye aliyeshika ufunguo. Bunge halikuwapo, rufaa haikuwapo, wala jirani wa kusema jamani, imetosha. Achenbach mwenyewe alikuwa sehemu ya nyumba hiyo. Alipokosana na mwenye nyumba hakwenda kwa wapiga kura, kwa maana wapiga kura hawakuwapo. Alikwenda kutafuta mamluki."

Hapo ndipo mjadala ulipopata mguu wa kusimamia. Mabishano ya awali yalikuwa juu ya nani aliye nje anaitambua Sealand: Ujerumani Magharibi, Uingereza, Umoja wa Mataifa. Nahodha aliyageuza yawe juu ya nani aliye ndani anayeweza kumwita kiongozi na kumuuliza. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, swali hilo la pili ndilo linalotenganisha wadhifa wa umma na cheo cha kujivika, na Wakili hana haki ya kulikwepa kama vile Mwalimu asivyo na haki hiyo.

Mwalimu alilipokea, akalielekeza upande wa Wakili. "Mzee wangu, kama kipimo ni hicho, basi utambuzi wa kimataifa si kitu. Itazame Somaliland. Ilijitangaza Mei 1991, na kwa zaidi ya miaka 30 hapakuwa na nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyoitambua. Novemba 2024 rais aliyekuwa madarakani, Muse Bihi Abdi, aligombea tena, akashindwa na mgombea wa upinzani, Abdirahman Mohamed Abdullahi. Desemba akakabidhi ofisi. Utamwambia mwananchi wa Hargeisa kwamba waliyemtoa kwa kura hakuwa kiongozi wa umma?"

Wakili alikuwa mwungwana. Alikiri kwamba hawezi kusema hivyo. Alishikilia tu kwamba Somaliland, yenye mamilioni ya watu na miji yake, haipaswi kutajwa kwa pumzi moja na jukwaa la Roughs Tower, na katika hilo wote watatu walikubaliana. Lakini alikuwa amekwisha kuachia nusu ya hoja yake: kwamba ofisi huwa ya umma pale tu dola nyingine zinapoitambua.

Mifano mingine ilipita haraka zaidi. Huko Australia Magharibi, mkulima Leonard Casley aligombana na serikali kuhusu mgao wa kuuza ngano, na tarehe 21 Aprili 1970 akalitangaza shamba lake la kilomita za mraba 75 kuwa nchi ya Hutt River. Jamaa zake wakawa mawaziri. Miaka ikapita, watalii wakaja kugongewa mihuri katika pasipoti, stempu na sarafu zikauzwa. Mwaka 2017 mahakama kuu ya jimbo ikamwamuru alipe kodi ya takriban dola milioni 2.7 za Australia. Casley alifariki Februari 2019, na Agosti 2020 mwanawe Graeme akatangaza mwisho wa Hutt River. Wakili aliutumia mfano huu kuonyesha kwamba kodi humkuta kila mtu. Mwalimu aliona humo mtu aliyeanza na malalamiko ya haki, na hilo si la kubezwa: mkulima aliyelima ngano, kisha akaambiwa asiuze ila sehemu ndogo, ana sababu ya kupiga kelele. Tatizo ni kwamba waziri ambaye pia ni mtoto wa mwenye shamba hawezi kumuuliza mwenye shamba maswali magumu.

Užupis ni jambo jingine. Mtaa huo wa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, ulijitangaza jamhuri tarehe 1 Aprili 1997. Una rais, mawaziri, mabalozi wengi duniani, na katiba ya vipengele 41 iliyotundikwa ukutani kwa lugha nyingi. Hakuna jela, na hakuna anayedai kwamba amejitoa Lithuania. Waziri wake wa mambo ya nje, Tomas Čepaitis, hupokea wageni na kuutangaza mtaa uliokuwa umechakaa. Wakazi wakichoka naye watamwambia dukani. Kisheria cheo chake hakina uzito wowote. Lakini kuna watu kweli wanaoishi mtaani pale, na kazi yake wanaiona kwa macho yao, na huo ni utumishi wa umma wa aina yake hata kama hauna mshahara wa serikali.

Achenbach hakuwa na mtaa. Baada ya kushindwa alianzisha serikali ya uhamishoni nchini Ujerumani na kuendelea kudai kwamba yeye ndiye mwenye haki. Mwaka 1989 nafasi yake ilichukuliwa na Johannes Seiger. Hivyo Sealand ikawa na serikali mbili: moja ngomeni na moja Ujerumani, na hakuna hata moja iliyowahi kuchaguliwa na raia.

Wakati huo huo karatasi za Sealand zilianza kutembea zenyewe. Pasipoti nyingi za kughushi ziliuzwa na kutumika katika uhalifu, hadi mwaka 1997 familia ya Bates ikazifuta zote, hata zile ilizozitoa yenyewe. Mwaka 2000 polisi wa Guardia Civil ya Hispania walimkamata mtu jijini Madrid kwa tuhuma za kuuza petroli iliyochakachuliwa. Alipoulizwa alitoa pasipoti ya kidiplomasia ya Sealand na kudai kinga ya kibalozi. Hapo Mwalimu mwenyewe alitikisa kichwa. Alikuwa ameingia mjadalani kutetea ndoto ya watu wadogo kujitawala, na ndoto hiyo bado aliiheshimu. Lakini kinga ya mwanadiplomasia iliwekwa ili mjumbe wa watu fulani asizuiwe kuwasemea watu hao. Mwenye petroli ya Madrid alikuwa akimsemea nani?

Wakili alifunga kwa hoja ya sheria. Mwaka 1987 Uingereza ilipanua maji yake kutoka maili 3 hadi maili 12 za baharini, na tangu hapo Roughs Tower imo ndani. Nahodha aliongeza kwamba kwa mtu wa bahari hilo linatosha. Mada ya Mwalimu haikubaki nzima, ila alitaka maneno yake yaandikwe: kwamba cheo kisichotambuliwa kinaweza kuwa cheo cha kweli, na kwamba mwenye kukipa au kukinyima ukweli huo ni watu wanaoongozwa.

Uamuzi wa mwandishi uko upande wake kwa kanuni, na uko kinyume naye kwa mtu aliyemchagua. Alexander Achenbach hakuwa kiongozi wa umma. Alikuwa mshirika wa biashara mwenye jina la waziri mkuu, akajaribu kumpora mshirika mwenzake kwa kutumia mamluki, na gharama ya ugomvi wao akailipa wakili aliyefungiwa ngomeni kwa wiki kadhaa.

Roy Bates alifariki mwaka 2012. Ngome bado iko mikononi mwa familia yake, na vyeo vya Lord na Lady vya Sealand vinauzwa hadi leo kwa yeyote mwenye pesa. Kama ni zawadi ya kufurahisha rafiki, anayenunua ni hiari yake. Lakini msomaji atakayeuziwa pasipoti, uraia au kinga ya kibalozi ya nchi asiyoijua, iwe Sealand au nyingine, aulize kwanza kabla ya kutoa hata shilingi: siku nikifungiwa huko, mahakama ipi itanisikiliza, na ni nani mle ndani anaweza kumwambia mkubwa wao afungue mlango?